Mkataba wa Mkubwa na Mkataba wa Mfanya Kazi

(Haya ni maneno yaliyosemwa na Kamati ya Elimu ya Chama mbele ya mkutano wa wawakilishi wa matawi. Tumeyapiga chapa hapa kwa kuwa wanachama wengi wameomba wayapate kwa maandishi, wapate kuyasoma na wenzao kazini.)



Tumeombwa tuseme nanyi juu ya jambo moja ambalo huletwa mbele yetu kila mara kutoka matawini. Jambo lenyewe ni hili. Kampuni ikipata hasara, tajiri huwaita wawakilishi wetu na kuwaambia: "Mambo ni mabaya. Yale mapatano tuliyotia sahihi hatuwezi kuyatimiza. Nyongeza ngojeni kwanza, na posho ile tuifute." Ndipo wanachama hutuuliza sisi: Je, hasara huvunja mkataba? Na kama huvunja, yavunjika mikataba ya watu wote, au ya wengine tu?

Badala ya kujibu kwa maneno matupu, tumechagua kuwaeleza habari iliyotokea Marekani katika mwaka 2008 na 2009. Tumeichagua kwa sababu mbili. Kwanza, hesabu zake zilitolewa mbele ya Bunge lao, watu wote wakazisikia. Pili, katika nchi moja, na katika miezi ile ile, serikali moja iliziokoa kwa fedha za wananchi kampuni za namna mbili: kampuni ya bima, na kampuni za motokaa. Wakubwa wa kampuni ya bima walikuwa na mikataba yao. Wafanya kazi wa motokaa walikuwa na mapatano yao. Basi na tutazame kila mkataba ulitendewaje, kisha tuone sisi tunapata funzo gani.

KAMPUNI YA BIMA NA AHADI ZAKE

Kampuni ya bima iliitwa American International Group, kwa kifupi AIG. Ilikuwa moja ya kampuni kubwa za bima duniani, yenye wafanya kazi zaidi ya 100,000 katika nchi nyingi. Hata hapa Nairobi jina lake lilikuwako. Lakini msiba wake mkubwa haukuletwa na karani aandikaye bima ya gari, wala na ajenti azungukaye juani kutafuta wateja. Uliletwa na idara moja ndogo, AIG Financial Products, yenye watu wapatao 400 tu, na ofisi zake kubwa zilikuwa London na katika mji wa Wilton, jimbo la Connecticut.

Idara hii ilikuwa ikiuza nini? Ilikuwa ikiuza bima ya madeni. Tuseme Juma amemkopesha Otieno shilingi 10,000, naye anaogopa kwamba Otieno hatalipa. Juma anakuja kwetu. Twamwambia, "Utupe shilingi 100 kila mwaka, na Otieno asipolipa, tutakulipa sisi." Mpaka hapo hapana neno, maadamu tuna fedha sandukuni. Lakini tuseme tumewaahidi watu elfu moja, na sandukuni hatukuweka kitu. Zile shilingi mia mia twagawana wenyewe kila Desemba na kuziita bonasi. Tena wanakuja watu ambao hawakumkopesha Otieno hata senti, nao wanataka ahadi ile ile, kama mtu anayekata bima ya nyumba ya jirani ili moto ukiwaka alipwe yeye. Nao twawauzia pia. Hiyo ndiyo biashara iliyofanywa. Na kwa kuwa sheria ya wakati ule haikuihesabu kuwa bima kamili, kampuni haikulazimishwa kuweka akiba kama inavyolazimishwa mwenye kuuza bima ya kawaida.

Madeni mengi yaliyokatiwa bima hiyo yalitokana na mikopo ya nyumba. Bei za nyumba za Marekani ziliposhuka na watu wakashindwa kulipa, wenye kushika ahadi za AIG walikuja kudai wawekewe dhamana. Dhamana haikuwako. Tarehe 15 Septemba 2008 benki ya Lehman Brothers ilianguka. Kesho yake, tarehe 16, Benki Kuu ya Marekani ilikubali kuikopesha AIG hata dola bilioni 85, na serikali ikachukua karibu asilimia 80 ya kampuni. Hazikutosha. Msaada ulioahidiwa ulipanda na kupanda hata ukafika dola bilioni 182 hivi. Bilioni moja, ndugu, ni milioni elfu moja. Na katika miezi mitatu ya mwisho ya mwaka 2008 peke yake, kampuni hiyo ilipata hasara ya dola bilioni 61.7. Kabla ya hapo hapakuwa na kampuni ya Marekani iliyopata hasara kubwa kama hiyo kwa miezi mitatu.

BONASI

Sasa sikilizeni. Katikati ya Machi 2009, watu wa Marekani walisikia kwamba AIG imelipa bonasi za dola milioni 165 hivi. Walilipwa nani? Walilipwa watu wa idara ile ile ya bima ya madeni.

Mwanasheria Mkuu wa jimbo la New York, Bwana Andrew Cuomo, alitoa hesabu. Watu 73 walipata dola milioni moja au zaidi kila mmoja. Aliyepata nyingi kupita wote alipata zaidi ya dola milioni 6.4. Bonasi hizo ziliitwa fedha za kumzuia mtu asiache kazi. Walakini katika wale 73, watu 11 walikuwa wamekwisha kuondoka kazini. Baadaye mkaguzi wa serikali alionyesha kwamba msaidizi wa jikoni katika idara hiyo naye alipata fungu lake: dola 7,700. Yeye hatumlaumu, maana hakuuza ahadi yoyote. Alipika na kuosha vyombo. Ila twataka mwone kipimo. Mkubwa mmoja alipata mara zaidi ya 800 ya fungu la mtu wa jikoni, na wote wawili walilipwa kutoka mfuko mmoja, uliojazwa na kodi za wananchi.

Hasira ya watu ilikuwa kubwa. Ilikuwa ni wakati ambao watu walikuwa wakifukuzwa kazi kwa maelfu. Kufika Oktoba 2009 asilimia 10 ya watu wa kazi wa Marekani hawakuwa na kazi. Rais Barack Obama alisema hadharani kwamba haoni vipi kampuni itawaeleza walipa kodi jambo hili, akamwamuru Waziri wa Fedha atafute kila njia ya sheria ya kuzizuia fedha hizo. Tarehe 21 Machi watu walipanda basi wakazunguka mpaka kwenye nyumba za wakubwa wa kampuni huko Connecticut, wakapeleka barua ya kueleza taabu zao. Watumishi wa kampuni waliogopa hata kuvaa beji zake njiani.

Je, wakubwa walijibu nini? Hapa ndipo tunapotaka mtege masikio. Mkuu mpya wa kampuni, Bwana Edward Liddy, aliyewekwa hapo baada ya serikali kuingia, tena kwa mshahara wa dola moja kwa mwaka, aliliambia Bunge kwamba yeye mwenyewe bonasi hizo zamchukiza, lakini hana la kufanya, kwa kuwa ni mkataba. Mkataba ulifanywa mwanzoni mwa mwaka 2008, kabla yeye hajaja. Ulisema kwamba watu wa idara hiyo watapata malipo yasiyopungua yale ya mwaka 2007, hata kama idara itapata hasara. Tena sheria ya mishahara ya jimbo la Connecticut husema kwamba mwajiri asiyelipa mshahara uliokwisha kustahili aweza kutozwa mara mbili. Na mshauri mkubwa wa Rais katika mambo ya uchumi, Bwana Lawrence Summers, alisema kwamba nchi yao ni nchi ya sheria, mikataba ipo, na serikali haiwezi kuifuta hivi hivi.

Ndugu, maneno hayo ni mazuri mno. Ni maneno ambayo sisi katika chama tungependa kuyasikia kutoka kwa kila tajiri na kila waziri. Mkataba ni mkataba! Hata kukiwa na hasara ya bilioni 61! Yashikeni maneno hayo, maana tutayahitaji baada ya kitambo kidogo.

Baraza la Wawakilishi lilijaribu kurudisha fedha kwa njia ya kodi. Tarehe 19 Machi 2009 lilipiga kura, 328 kwa 93, kwamba bonasi za namna hiyo zitozwe kodi ya asilimia 90. Hasira ilipopoa, Seneti haikuendelea na jambo hilo, na sheria ikafa. Bwana Liddy alikuwa amewaomba waliopata zaidi ya dola 100,000 warudishe angalau nusu. Wengine walirudisha, wengine waliahidi. Hata Oktoba 2009, katika dola milioni 45 hivi zilizoahidiwa kurudishwa, zilizokuwa zimerudi ni kama milioni 19. Na mwanzoni mwa mwaka 2010 kampuni ililipa tena bonasi za karibu dola milioni 100 kwa watu wa idara ile, baada ya wao kukubali kupunguziwa kidogo.

MKATABA ULIO MKUBWA ZAIDI

Lakini tusidhani kwamba bonasi ndizo zilizokuwa fedha nyingi. Dola milioni 165 ukizilinganisha na bilioni 182, hazifiki hata sehemu moja ya elfu. Fedha nyingi zilipita kimya kimya. Mwezi wa Novemba 2008, Benki Kuu ya New York ilisaidia kuzimaliza ahadi nyingi za AIG kwa mabenki yaliyokuwa yamezinunua, na mabenki hayo yalilipwa kamili, dola kwa dola, bila kupunguziwa hata senti. Majina yalipotangazwa Machi 2009, ilionekana kwamba kwa njia mbalimbali Goldman Sachs ya Marekani ilikuwa imepata dola bilioni 12.9, Société Générale ya Ufaransa karibu bilioni 12, na Deutsche Bank ya Ujerumani vile vile karibu bilioni 12.

Mtu akifilisika, wadai wake hukaa pamoja wakakubali kupata nusu au robo. Ndivyo ilivyo desturi ya biashara. Lakini hapa hakuna aliyeambiwa, "Ngojeni, mambo ni mabaya." Mkataba wa benki ulitimizwa wote.

WAFANYA KAZI WA MOTOKAA

Sasa twende Detroit, kwenye viwanda vya motokaa. Novemba 2008 wakuu wa General Motors, Chrysler na Ford walikwenda Washington, kila mmoja kwa ndege yake ya kifahari, kwenda kuomba msaada. Walirudishwa mikono mitupu, na wakacheka nao watu wote. Ford baadaye haikuchukua mkopo huo wa kuokolewa. Lakini tarehe 19 Desemba 2008 serikali ilikubali kuzikopesha General Motors na Chrysler dola bilioni 17.4.

Linganisheni na bilioni 182 za kampuni ya bima. Kisha tazameni masharti.

Wafanya kazi wa viwanda hivyo walikuwa na mapatano, yaliyotiwa sahihi na chama chao, United Auto Workers, mwaka 2007. Karatasi ya mkopo ilisema wazi, kabla fedha hazijatoka, kwamba mishahara na taratibu za kazi zitazamwe upya, ili zilingane na za viwanda vya kampuni za kigeni vilivyoko Marekani, ambavyo havikuwa na chama. Ilisema mfuko wa kuwalipa wafanya kazi waliokosa kazi viwandani ufungwe. Ilisema nusu ya fedha ambazo kampuni ilipaswa kuzitia katika mfuko wa matibabu ya wazee waliostaafu zilipwe kwa hisa badala ya fedha taslimu. Hisa za kampuni ambayo wakati huo ilikuwa mahututi.

Hapana mshauri wa Rais aliyesimama siku hiyo kusema kwamba nchi yao ni nchi ya sheria na mapatano hayawezi kuguswa. Chama kiliitwa mezani, kikaambiwa chagua: punguza, au kampuni ife. Kilipunguza. Nyongeza ya kupanda kwa bei ya vitu ilisimamishwa. Bonasi ziliondolewa. Mfanya kazi mpya alibaki katika mshahara mdogo, kama dola 14 kwa saa, hali mwenzake wa zamani aliye karibu naye kwenye kazi ile ile alipata kama dola 28. Wafanya kazi wa kampuni hizo mbili walikubali hata kutogoma juu ya mapatano mapya mpaka mwaka 2015. Baada ya hayo yote, Chrysler iliingia katika ufilisi tarehe 30 Aprili 2009, na General Motors tarehe 1 Juni, na viwanda vingi vikafungwa.

Ni haki tuseme na upande wa pili. Mkopo wa motokaa uliweka masharti kwa wakubwa pia, na mkuu wa General Motors, Bwana Rick Wagoner, aliondolewa Machi 2009 kwa kutakiwa na serikali. Wenye kuidai kampuni nao walikatwa sana. Lakini hayo ndiyo yanayotuonyesha kwamba serikali ilijua kuweka masharti ilipotaka. Ilijua Desemba kwa mafundi wa Detroit. Septemba, kwa watu wa bima, haikuweka sharti la kuzifuta bonasi zilizokwisha kuahidiwa. Na Februari 2009 ilipopita sheria ya kubana bonasi za kampuni zilizookolewa, sheria hiyo iliiacha mikataba iliyofanywa kabla ya tarehe 11 Februari. Mlango ulifungwa, lakini waliokuwa ndani waliachwa na chakula chao.

Mnyonge hana haki, wazee walisema. Wafanya kazi wa motokaa hawakuirudisha ile nyongeza ya kupanda kwa bei mpaka mwaka 2023, baada ya mgomo wa muda wa wiki sita. Waliitoa kwa mazungumzo ya muda mfupi. Kuirudisha kuliwachukua miaka 14.

JE, TUSEME MIKATABA IPASULIWE?

Wako wenzetu ambao wakisikia habari hii husema, "Basi serikali ingezifuta bonasi zile kwa nguvu, na wale watu wafukuzwe." Twaijua hasira hiyo, nayo ina haki yake. Lakini sisi kama chama tufikiri mara mbili.

Kwanza, katika waliopata bonasi walikuwamo wasiouza ahadi hata moja, kama yule wa jikoni. Mkuu wa idara aliyekuwako wakati ahadi zilipouzwa, Bwana Joseph Cassano, alikuwa amekwisha kuondoka mwaka 2008, baada ya kulipwa zaidi ya dola milioni 280 katika miaka minane, tena akaendelea kulipwa dola milioni moja kila mwezi kama mshauri mpaka Septemba. Hasira ilipofika mlangoni, mwenye nyumba alikuwa amekwisha kwenda zake. Hasira huchelewa, ndugu; karatasi huwahi.

Pili, chama cha wafanya kazi huishi kwa mkataba. Siku tutakapopiga makofi kwa sababu mkataba wa mtu tusiyempenda umepasuliwa, siku hiyo tumempa tajiri mkasi. Na hatautumia kwanza kwa mameneja wake. Basi madai yetu yasiwe kwamba mikataba ipasuliwe. Madai yetu yawe haya mawili: kipimo kiwe kimoja kwa wote, na masharti yawekwe kabla ya fedha kutoka. Yule aliyekuja kuomba ndiye aliye dhaifu siku anapoomba. Siku hiyo anakubali lolote. Ukimpa fedha leo ukamdai masharti kesho, atakuonyesha mkataba.

Wako pia wanaosema, "Lakini fedha zilirudi." Ni kweli. Mwishoni mwa mwaka 2012 serikali iliuza hisa zake za mwisho katika AIG, ikatangaza kwamba kwa jumla imepata faida ya dola bilioni 22.7. Hatubishi. Lakini aliyebeba hatari miaka ile yote alikuwa mlipa kodi, na waliopokea bonasi hawakungoja mwaka 2012 waone kama fedha zitarudi, walilipwa kwanza. Mafundi wa Detroit ndio walioambiwa wangoje.

SISI HUKU KENYA

Msidhani mambo haya ni ya ng'ambo tu. Kodi yetu pia imetumika mara nyingi kuinua makampuni yaliyoanguka, na mezani pale mfanya kazi huwa haonekani. Asiyekuwapo na lake halipo. Basi wawakilishi wa matawi, shikeni mambo haya.

La kwanza: andikisheni mapatano. Sheria ya Uhusiano wa Kazi ya mwaka 2007 husema kwamba mapatano ya pamoja hufunga pande zote mbili na huingia katika mkataba wa kila mfanya kazi anayehusika. Lakini nguvu yake ya kutekelezwa huanza yakiisha kuandikishwa mahakamani. Kumbukeni madaktari wa hospitali za serikali. Mapatano yao yalitiwa sahihi mwaka 2013, kisha wakaambiwa kwamba hayakuandikishwa. Walianza mgomo Desemba 2016, wakakaa nje siku 100, na viongozi wao saba wakatiwa jela Februari 2017 kabla ya kufunguliwa. Karatasi isiyo na muhuri ni kama jembe lisilo na mpini.

La pili: ombeni vitabu vya hesabu. Sheria hiyo hiyo humtaka mwajiri aonyeshe chama habari zote zinazohitajiwa ili mazungumzo yafanyike sawasawa. Tajiri akisema kuna hasara, tusibishane naye wala tusimwamini, tumwambie, "Tuone." Na kampuni ambazo hisa zake huuzwa katika soko la hisa hutakiwa na Sheria ya Makampuni ya mwaka 2015 zitoe taarifa ya malipo ya wakurugenzi wao. Taarifa hiyo isomwe na mwakilishi kabla hajaingia chumba cha mazungumzo.

La tatu: tukiombwa kupunguza, tuulize kwanza juu wamepunguza nini. Tuulize kwa adabu, lakini tuulize kwa maandishi, na tungoje jibu la maandishi. Kama mkubwa hakupunguza kitu kwa sababu ana mkataba, tumjibu kwamba na sisi tunao.

La nne: tukikubali kutoa kitu kwa ajili ya kuokoa kazi, na mara nyingine itakuwa hekima kutoa, basi tuandike siku ya kurudishiwa. Wafanya kazi wa motokaa waliambiwa kwamba nyongeza yao imesimamishwa.  Kuirudisha kuliwachukua miaka 14.

La tano: kama kazi zitapunguzwa, Sheria ya Kazi ya mwaka 2007, kifungu cha 40, hudai chama kipewe notisi ya mwezi mmoja au zaidi, pamoja na ofisa wa kazi, na kila mtu alipwe siku zisizopungua 15 kwa kila mwaka aliotumika. Hiyo ndiyo sakafu, si dari. Mtu asiwaambie kwamba hasara imeifuta.

Na serikali inapotaka kuiokoa kampuni yoyote kwa fedha ya kodi, chama kiseme mapema, kabla hundi haijaandikwa: mapatano ya wafanya kazi yalindwe kwa kiasi kile kile kinacholindwa mikataba ya wakubwa na ya mabenki, na kama ni kukatwa, basi wakatwe wote, tena kuanzia juu. Kusema baada ya hundi kutoka ni kulia msibani, maiti haifufuki.

Ndugu, swali lenu lilikuwa: Je, hasara huvunja mkataba? Mmeona wenyewe. Hasara ya dola bilioni 61.7 haikuuvunja mkataba wa bonasi. Haikuuvunja mkataba wa benki. Mkataba uliovunjika ni ule ambao wenyewe waliitwa mezani wa mwisho, wakakuta wengine wamekwisha kula. Basi tajiri akiwaambia kwamba hasara imefuta mapatano yenu, mwambieni kwamba mkataba ni mkataba, na kwamba maneno hayo mmeyapata kwa wakubwa wenziwe.

Wenye maswali wayaandike kwa Katibu wa Tawi, nasi tutayajibu katika karatasi hii. Tunamwomba kila mwakilishi atakayerudi tawini ahakikishe jambo moja kabla ya mwisho wa mwezi huu: mapatano yenu yako wapi, na je, yana muhuri wa mahakama? Tuletewe jibu.

Umoja ni nguvu.